Jiko la Kichwa cha Umeme

Nyie vijana mnaosomea umeme, kila mkipita hapa kwangu mnaniuliza kama ni kweli Mpanda ilikuwa na treni ya umeme wakati nyumba nyingi za mji zilikuwa bado zinawasha koroboi. Ni kweli. Lakini msije mkawaza treni ya abiria. Yetu ilikuwa chini ya ardhi, kwenye machimbo ya madini ya risasi, yale mawe mazito ya kijivu, miaka ya hamsini, reli ya kuja Mpanda ikiwa bado mpya na watu wa vijiji vya njiani wakitoka nje kuitazama.

Nimeshika kalamu na tayari nina wasiwasi. Huenda mmoja wenu akasoma haya, akaona ni jambo rahisi, akaenda kugusa waya asioujua. Basi naanza na hilo: waya wowote ambao hujaupima mwenyewe, uchukulie una moto. Hata ukiwa umeuzima wewe. Huenda kuna mtu amekuja nyuma yako akauwasha.

Ndivyo nilivyo tangu nikiwa kijana. Nilitoka shule ya ufundi na cheti changu kimekunjwa ndani ya shati, nikapangiwa kuendesha kichwa cha umeme shimoni, na badala ya kufurahi nilikaa siku nzima nikiwaza mambo yote yanayoweza kuharibika. Mama yangu kule Sibwesa alipopata habari alifurahi kwa niaba yangu. Mtu mmoja wa kuhofu kwenye familia alitosha, alisema.

Kichwa chenyewe kilikuwa kifupi na kizito, kama sanduku la chuma lililowekewa magurudumu. Juu yake palikuwa na fimbo ndefu yenye kigurudumu cha shaba kwenye ncha, ikisukumwa na springi ili iguse waya uliofungwa darini. Umeme uliingia kwa waya, ukapita kwenye mota mbili chini ya sakafu, ukarudi kwa njia ya reli. Ulikuwa umeme wa kwenda upande mmoja tu, kama wa tochi, huu mnaouita disii. Fimbo ikiruka waya, taa inazimika, mota zinakata, na unabaki na breki ya mkono na moyo wako.

Sasa sikilizeni kuhusu mota ya disii, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Ikiwa imesimama, ina njaa isiyo na adabu. Ukiipa umeme wote kwa mara moja inaumeza wote, inaruka, na mwisho inaungua. Ikishaanza kuzunguka, yenyewe inausukuma umeme nyuma, kama mtu aliyeanza kushiba anayesogeza sahani. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyokula kidogo. Kwa hiyo kazi ya dereva ni kuilisha kwa kipimo pale mwanzoni.

Kipimo chenyewe kilikuwa vyuma. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na sanduku lenye vyuma vya kalibu, yaani vilivyoyeyushwa na kumiminwa, vilivyopinda kwenda na kurudi kama utumbo wa mbuzi. Umeme ukipita humo unachoka, na uchovu wake unatoka kama joto. Wazungu walikuwa na jina lao. Sisi tuliliita jiko.

Mbele ya dereva kulikuwa na mpini wa shaba. Ukiusogeza hatua ya kwanza, umeme unapita jiko lote, kisha mota ya kwanza, kisha ya pili, zikifuatana na kugawana nusu kwa nusu. Hatua ya pili inaacha sehemu ya jiko, ya tatu inaacha nyingine. Ya nne, jiko lote limeachwa, na hapo unaweza kwenda mpaka ufike. Ukitaka mwendo zaidi, hatua ya tano inazipanga mota ubavu kwa ubavu, kila moja inapata umeme mzima, jiko linarudi kazini, na mnapanda tena mpaka ya nane. Hatua za kukaa zilikuwa mbili tu, ya nne na ya nane. Nyingine zote ni za kupita. Ukikaa hapo, unapika vyuma.

Aliyenifundisha kwa mikono ni Mzee Kasogela, Mkonongo mmoja mpole aliyekuwa dereva kabla yangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinisimamisha kando yake, akasema, "Hatua ya kwanza ni hodi. Mpini umeusogeza, sasa subiri uitikiwe."

"Nitajuaje nimeitikiwa, mzee?"

"Tazama taa ya mbele. Mota ikila, taa inafumba jicho kidogo, kisha inafumbua. Ukiona imefumba, umekaribishwa. Endelea."

"Na isipofumba?"

"Basi hakuna mtu ndani. Unaingia kufanya nini?"

Nikauliza, na kama ikifumba nami nikawa napepesa macho nisione? Mzee Kasogela akasema mama yako alipata kazi kukulea.

Kulikuwa pia na mpini mdogo wa kugeuza mwendo, mbele au nyuma. Sheria ni kwamba huugusi magurudumu yakiwa yanazunguka, maana mota inayozungushwa inageuka kuwa mtambo wa kutoa umeme, na umeme huo unagombana na ule wa waya. Mimi sheria hiyo iliniingia mpaka kwenye mifupa. Kila niliposimama nilikuwa nashuka kutoka kwenye kiti, nainama, namulika gurudumu kwa taa kuhakikisha limesimama kweli, ndipo napanda kugeuza. Nilifanya hivyo siku nyingi kabla Mzee Kasogela hajachoka.

"Unashuka kutazama nini?"

"Kama gurudumu limesimama, mzee."

"Na wewe ulishukaje bila kuanguka?"

Wachimbaji walicheka wiki nzima. Jina langu likaanzia hapo. Kwa kuwa kila jibu langu lilianza na huenda, waliniita Bwana Huenda. Aliyelieneza ni Anselimu, mfungaji wa mabehewa, Mpimbwe wa upande wa Kibaoni, mtu wa mwili mdogo na mdomo mkubwa. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya behewa na behewa, akishika pete ya chuma mkononi. Dereva akirudi nyuma taratibu na mabehewa yakigusana, anaingiza pete na kutumbukiza pini. Nafasi aliyokuwa anasimama ilimtosha mtu mmoja mwembamba. Mabehewa yakija kwa nguvu, haikumtosha mtu yeyote.

Nilikuwa namwogopea Anselimu kila siku. Yeye alikuwa ananiogopea mimi nife kwa mawazo.

Shimoni kulikuwa na unyevu na baridi. Watu walishuka na chakula kwenye mikebe, ugali wa jana na mgebuka wa kukausha kutoka ziwani, na ulipofika wakati wa kula kilikuwa kigumu kama kuni. Sijui ni nani aliyegundua kwamba kifuniko cha jiko kinapata moto wa kutosha kupasha chakula, lakini nilipofika desturi ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mikebe ilipangwa juu ya lile sanduku kama kuku kwenye kitundu. Dereva mwenye jiko la moto alikuwa mtu wa watu. Wengine walikuwa wanakaa makusudi kwenye hatua ya pili, wakitembea polepole njia nzima, ili ugali upate moto. Waliiita hatua ya ugali.

Mimi nilikuwa napita hatua ile haraka, kama nilivyofundishwa, na chakula changu na cha wenzangu kilikuwa vuguvugu.

"Bwana Huenda," Anselimu alikuwa ananiambia, "kwenu mkitembelewa na mgeni mnampa ugali wa baridi?"

"Vyuma vitapasuka."

"Vimekuwepo kabla yako na havijapasuka."

"Huenda vinangoja."

"Haya, vikipasuka utaniita. Lakini leo kaa hatua ya pili kidogo, kwa heshima ya huyu samaki. Ametoka mbali."

Nilikuwa sikai. Lakini zamu zilikuwa nyingi na madereva wengi, na mikebe mingine ilijaa mchuzi, na mchuzi ukichemka unamwagika. Mnajua chuma cha kalibu chenye moto kinafanya nini kikipata maji. Mkiwa hamjui, waulizeni mama zenu kuhusu chungu cha moto kilichomwagiwa maji kikapasuka.

Asubuhi moja, mwanzo wa zamu, kichwa kikiwa kimelala baridi, nilisogeza mpini hatua ya kwanza. Taa haikufumba. Nikangoja. Nikasogeza ya pili, kimya. Ya tatu, kichwa kiliruka mbele kama punda aliyechomwa, kikanitupa kwenye ukuta wa kibanda. Niliurudisha mpini, nikajaribu tena. Safari hii kilianza vizuri, hatua kwa hatua, na taa ikifumba jicho kama kawaida.

Nilienda kwa nyapara wetu, Tito, nikamweleza. Fundi akaitwa. Alipofika, kichwa kilikuwa kimekwisha kwenda na kurudi mara kadhaa, jiko lina moto. Akapima, akaendesha, akasema kizima. Siku chache baadaye ikatokea tena, asubuhi vilevile, nikaripoti tena, na fundi akakuta kizima tena.

Tito hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mawe ya kupeleka na mzungu wa kumjibu. Aliniita kando. "Sikiliza, kijana. Kama kiti kinakuogopesha, sema. Wapo wengi wenye koleo wanakitaka. Ukiniletea huenda ya tatu, nitakupa koleo na kiti atapewa mwingine."

Nikawaza nikila, nikawaza nikioga. Kwa nini kinagoma asubuhi tu? Jibu nililipata juu ya ardhi, nikivuka reli mchana wa jua kali. Mnajua maungio ya reli yana pengo. Asubuhi ya baridi unaingiza sarafu. Mchana chuma kimerefuka, pengo limefumba, huingizi hata ukucha. Nikasimama pale pale. Huenda ndani ya jiko kuna chuma chenye ufa. Kikipata moto kinarefuka, ufa unafumba, umeme unapita. Kikipoa, ufa unafunguka, na njia ya umeme inakatika mpaka ufikie hatua inayokiacha kile chuma. Na ukifikia hatua hiyo, jiko karibu lote limekwisha kuachwa. Mota yenye njaa inapata sahani nzima.

Nilimweleza Mzee Kasogela. Hakucheka. Alikuna kidevu. "Inawezekana. Nami sijakiona kikipoa wakati wa kazi. Tungoje siku ya mapumziko tukifungue sanduku."

Kabla siku hiyo haijafika, Mzee Kasogela akashikwa na homa, akabaki kambini, nami nikashuka peke yangu.

Kwa kawaida kichwa hakikuwa kinapoa ndani ya zamu, maana hakikupumzika. Siku hiyo jiwe kubwa lilikwama kwenye mdomo wa kumiminia mawe, na wachimbaji wakawa wanalichokonoa kwa mitaimbo huku sisi tukingoja. Nilikuwa na mabehewa yaliyojaa nyuma yangu, na mengine yamesimama nyuma zaidi kwenye mteremko mdogo, yanangoja kuungwa. Tuliketi muda mrefu. Anselimu alisinzia, akaamka, akasimulia habari za ndoa ya binamu yake, akasinzia tena. Mwishowe jiwe likatoka, mawe yakamiminika, na Tito akaanza kupiga makofi. "Twende, twende. Tumechelewa."

Anselimu alinyanyuka, akapita kwenye jiko kuchungulia mkebe wake. Akatia kidole.

"Bwana Huenda, leo umetutenda. Sanduku baridi kama kaburi. Ugali wangu umerudi kuwa unga."

Akashuka akiguna, akaingia kati ya mabehewa na kushika pete. "Lete," akasema.

Nilikuwa nimeshika mpini. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuusogeza hatua ya kwanza kabla maneno yake hayajanifikia. Sanduku baridi. Nikatazama taa. Sikujua kama imefumba au haijafumba. Mabehewa yalikuwa mazito, na kwa mzigo ule hatua ya kwanza haikuwa ikitosha kuyasogeza hata kichwa kikiwa kizima. Ilikuwa lazima kupanda ya pili, na mara nyingi ya tatu. Vumbi la mawe lilikuwa limejaa mbele ya taa. Huenda imefumba. Huenda ni vumbi. Nikaurudisha mpini.

"Anselimu, toka hapo kati."

"Kuna nini?"

"Toka kwanza."

Tito akaja hadi kwenye kibanda. "Nini tena?"

"Jiko limepoa. Naomba nikijaribu kwanza, mtu asiwe kati."

"Fundi kakipima mara mbili."

"Kikiwa na moto."

"Unakumbuka nilichokuambia?"

"Nakumbuka."

"Basi chagua. Rudisha mabehewa, au shuka kwenye kiti."

Nyie mnaonisoma huenda mnadhani nilikuwa na hakika. Sikuwa nayo. Nilijua kwamba nina kawaida ya kuogopa vitu visivyokuwepo. Nilijua kwamba mara tisa katika kumi hofu yangu huwa bure, na nilijiuliza kama nipo tayari kuchukua koleo kwa ajili ya hofu ya bure. Na nikishuka, atapanda mwingine, na Anselimu atakuwa palepale kati.

Nikang'oa mpini. Ilikuwa inawezekana kuutoa kabisa, ndivyo dereva alivyofanya akienda kula ili mtu asichezee. Nikauweka mapajani.

"Sishuki," nikasema. "Na sirudishi mpaka atoke. Baada ya hapo nipe koleo."

Wachimbaji walikuwa wamekusanyika. Mmoja akasema Bwana Huenda leo kaota mapembe. Anselimu mwenyewe ndiye aliyetoka, amekasirika, pete bado mkononi. Hakutoka kwa sababu aliniamini. Alikuja kunisema.

"Wewe unanifanya mtoto mbele ya watu," akasema. "Nimefunga mabehewa kabla hujajua kuvaa viatu."

"Ni kweli, kaka. Simama hapo ulipo."

Nikarudisha mpini mahali pake. Hatua ya kwanza. Safari hii nilitazama taa bila kupepesa mpaka macho yakatoka machozi. Haikufumba. Ya pili, haikufumba. Nikasema kwa sauti, "Ya tatu," nikasogeza.

Kichwa kiliruka nyuma na treni nzima. Mabehewa yalikwenda yakagonga yale mengine kwa kishindo kilichoangusha vijiwe kutoka darini, behewa la mwisho likapanda nusu juu ya mwenzake, na swichi kubwa ikajikata kwa mlio kama wa bunduki. Umeme wote ukazimika. Zilibaki taa za vichwani mwetu tu, na zote zilikuwa zinamulika mahali pamoja, pale kati ya mabehewa, ambapo hapakuwa tena na nafasi.

Mkebe wa ugali ulikuwa umeviringika hadi miguuni mwa Tito. Akauokota, akausimamisha vizuri juu ya jiwe, kama vile ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

"Kafungueni hilo sanduku," akasema.

Walipolifungua, ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, na kukizunguka chuma chote umeganda mchuzi mkavu wa miezi mingi. Fundi aliugusa kwa kucha, akaunusa, akasema mgebuka. Hakuna aliyecheka. Vyuma vikabadilishwa, na kifuniko kikatengenezewa mgongo wa mviringo ili mkebe usikae. Watu walilalamika sana. Baada ya hapo tukala baridi.

Koleo sikupewa, wala Tito hakulitaja tena. Lakini nilibaki na desturi yangu hadi machimbo yalipofungwa, na baadaye hata nilipohamia mitambo mingine. Sisogezi kitu mpaka mtu aliyekuwa kati atoke, asimame ukutani, na anioneshe uso wake kwa taa yake. Walisema nachelewesha kazi. Ni kweli, nilichelewesha. Siku hizi mna mitambo inayojipima yenyewe na kuandika kosa kwenye kioo, nami naisifu, lakini mtambo unapima kile tu ulichoambiwa upime. Usione aibu kusimamisha kazi kwa sababu ambayo huwezi bado kuithibitisha. Ona aibu kidogo tu, halafu simamisha.

Jioni ile tulipotoka juu, jua lilikuwa bado lipo. Anselimu alikaa kwenye benchi pale tulipokuwa tunanawa. Hakuwa amesema neno tangu shimoni, na kwake hilo lilikuwa jambo la kutisha. Aliosha mikono, akaosha tena. Nilikaa pembeni, nikaanza kuwaza kwamba huenda amenikasirikia kwa kumwaibisha, na kwamba huenda nimuombe radhi.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Sikujua. Niliogopa tu."

Akakung'uta maji vidoleni, akavitazama kimoja kimoja.

"Basi kesho uogope tena."